Sijaona Hasagi kwa Muharami

Wengi waliomcheka Sijaona mwaka ule hawakuujua mkono wake, kwa hiyo nianze na mkono.

Sijaona Fikirini alizaliwa Newala, kule juu ambako maji hayapo, yako bondeni, na msichana hujua kupanda mteremko na ndoo kichwani kabla hajajua kusoma. Alipokuwa na miaka kumi na mitano aliteleza kwenye njia ile siku ya mvua, akauangukia mkono wa kulia. Kifundo kikavunjika. Aliyemfunga alimfunga vibaya, mfupa ukaunga upande. Tangu hapo mkono uliweza kufua, kupalilia, kubeba mtoto. Haukuweza kutwanga. Akishika mchi kwa muda mfupi tu, kifundo kinavimba mpaka ngozi inang'aa.

Na huyo ndiye aliyeolewa huku kwetu, kijiji kimoja upande wa Chiwata, katika watu wanaokula ugali wa muhogo mchana na jioni. Mumewe, Swalehe, baba wa mtoto wao Faidha, hakumsema. Mama mkwe alimsema. Alisema mbele za wageni kwamba mwanawe ameoa mke wa kulishwa. Sijaona akawa anatwanga hivyo hivyo, kwa mkono wa kushoto, unga unatoka chenga, wanamcheka kwa zile chenga. Miaka tisa.

Mimi naitwa Agatha. Nyumba yangu na yake zimetenganishwa na mikorosho minne tu. Nilimkuta hapa nilipoolewa, ni mkubwa kwangu, na namwamkia mpaka leo, ijapokuwa kuna miaka tuliyosalimiana kwa meno.

Mwaka tisini na moja Muharami akaleta mashine ya kusaga. Kabla ya hapo alikuwa muuzaji katika duka la ushirika, lile lililokuwa na rafu tupu na sabuni kwa kibali. Watu waliporuhusiwa kufanya biashara zao, akaanza na mitumba, akaenda Masasi na kurudi, na siku moja tukasikia lori linakuja na injini imefungwa kamba kama ng'ombe. Wanawake tulipiga vigelegele barabarani. Sijaona hakupiga. Alisubiri mashine ifungwe, akaenda siku ya kwanza na debe la makopa, muhogo wake mkavu, akarudi na unga mweupe laini, akajaza bakuli, akampelekea mama mkwe. Aliliweka bakuli chini akaondoka.

Kwa miaka minne Muharami alitusagia vizuri. Mtu akisaga mtama kabla yako, alifuta mdomo wa mashine usije ukapata unga mwekundu. Ukiwa na mtoto mgonjwa mgongoni, alikupitisha mbele, na wa mbele yako hakuthubutu kununa. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi nikikumbuka.

Ukaja mwaka tisini na tano, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Bendera zikaota juu ya mapaa. Muharami akaingia chama kipya, akaambiwa atagombea udiwani, akapandisha bendera ya chama hicho juu ya mashine, ndefu kuliko ya shule. Mlango akaupaka rangi za chama. Mpaka hapo hakuna aliyemsema. Paa lake, mlango wake, rangi kanunua mwenyewe.

Kisha akaanza salamu. Ukifika na ndoo yako anasimama mlangoni, mkono juu: "Mabadiliko!" Na wewe unatakiwa ujibu: "Sasa!" Ukijibu, unaingia kwenye foleni. Usipojibu, unapisha wenye haraka. Kwanza ilikuwa kama mchezo. Wanawake walijibu wakicheka. Mimi nilijibu. Ni neno moja, nilijiambia, halivunji jino.

Asubuhi moja Sijaona akafika, mimi nikiwa nyuma yake.

"Mabadiliko!" Muharami akasema.

"Habari za asubuhi, kaka Muharami."

"Hiyo si salamu ya hapa siku hizi, Mama Faidha. Mabadiliko!"

"Nzuri tu, namshukuru Mungu. Na nyumbani hawajambo."

Wanawake wakacheka. Muharami hakucheka. "Basi, mama, wapishe wenye haraka."

Akawapisha. Alipisha foleni nzima, akapisha na wale waliofika baadaye, akapisha mpaka msichana aliyeleta kibaba cha ulezi wa uji. Nilipomaliza nikamwambia, "Dada, sema tu twende." Alikaa juu ya gogo, ndoo katikati ya miguu, akimtazama Muharami usoni. Alisagiwa wakati wa alasiri, wa mwisho kabisa.

Jioni alimwambia mumewe: "Mimi sisagi tena kwa yule mpaka aache upuuzi wake."

Swalehe alikuwa katibu wa tawi la chama kile cha siku zote. Hakumpa pole, hakuuliza neno. Sijaona aliniambia baadaye kwamba mumewe alitabasamu, na kwamba angelijua lile tabasamu lina nini ndani angeuma ulimi wake.

Jumapili ile tawi likakutana uani kwa Swalehe. Wanaume wapatao ishirini, mume wangu Christopher akiwa mmoja wao. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya nyumba tunawapikia. Sufuria mbili kubwa, na unga wote ule, nausema kwa sababu nilikuwapo, ulikuwa umesagwa kwa Muharami. Tukamsikia mwenyekiti wa tawi anapaza sauti.

"Mke wa katibu wetu amenyanyaswa. Hii ni dharau kwa chama. Kuanzia leo hakuna nyumba ya mwanachama itakayosaga kwa mpinzani. Anayemsagisha Muharami anampa nauli ya kampeni. Mwanamke atakayeonekana pale, mumewe atakuja hapa kujieleza!"

Wakapiga makofi. Sijaona alikuwa anasonga ugali. Akauacha mwiko umesimama ndani ya sufuria, akaenda mpaka kona ya nyumba na mikono yake ya unga.

"Samahani, baba zangu. Mimi nilisema mimi. Sikusema na wenzangu."

"Tumekusikia, mama," mwenyekiti akasema, mpole kabisa, kama mtu anayembembeleza mtoto. "Ndiyo maana tumekutetea."

Walicheka kidogo, wakaendelea na ajenda. Tukawapakulia, wakala.

Mtu akisusia kitu kwa moyo wake, hata kama gharama inamuumiza, ni gharama aliyoichagua. Sisi tulisusishwa. Sijaona alikuwa na hasira yake, ndogo, safi, ya mtu mmoja. Mumewe akaibeba mpaka kikaoni na kuirudisha ikiwa amri kwa nyumba thelathini. Na mimi niliyekuwa sina ugomvi na Muharami nikakatazwa pamoja nao. Hakuna aliyeniuliza.

Mashine nyingine ilikuwa kijiji cha pili, mwendo wa saa mbili na nusu ukiwa na mzigo. Tuliondoka alfajiri na kurudi jua la utosi. Waliokuwa na nguvu walirudi kwenye kinu, na mapigo ya mchi yakasikika tena kijijini kama zamani. Sijaona alijaribu siku mbili. Siku ya tatu mkono ulikuwa umevimba mpaka kiwiko, akaungana nasi njiani. Muharami alikuwa anakaa mlangoni kwake anatutazama tukipita na mizigo. Swalehe naye alikuwa anakaa barazani anatutazama tukipita. Walifanana, jamani. Kama walikuwa wamekubaliana.

Wiki ya tatu tulikuwa tunarudi, mimi, Sijaona na Julia, mke wa Silvano fundi baiskeli. Julia alikuwa na mimba ya miezi minane. Tulimwambia atuachie ndoo yake tumletee, akakataa, akaona haya. Kwenye kile kimteremko cha mawe mguu ukamteleza. Alikaa chini taratibu, mtoto hakuumia, lakini ndoo ilibiringika na unga wote ukamwagika vumbini. Julia hakulia. Alipiga magoti akaanza kuuzoa kwa viganja, unga na mchanga pamoja, anarudisha ndoani. Sijaona akapiga magoti karibu yake, wakazoa wote wawili.

"Mama Faidha, utakulika huu?" Julia akauliza.

"Utakulika. Mpikie Silvano, na umwambie atafune polepole."

Kwa sababu Julia alichoka, tukakata njia ya mkato, ile inayopita nyuma ya mashine ya Muharami. Na huko nyuma ndiko tulikoyakuta.

Ulikuwa msimu wa korosho. Miaka ile wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa, na Muharami alikuwa mmoja wao. Alikuwa ametundika mizani kwenye boriti, chini ya bendera yake kabisa, na wanaume wamejipanga na magunia. Nilimwona Silvano. Nilimwona mwenyekiti wa tawi, amekalia gunia lake anavuta sigara. Sikumwona Christopher wangu, lakini baiskeli yake ilikuwa imeegemezwa ukutani. Na mbele kabisa, kwenye mizani, alikuwa Swalehe na magunia mawili yaliyoshonwa mdomo kwa utepe wa kanga ya zambarau. Kanga hiyo naijua. Ni ya Sijaona, aliichana mwenyewe. Korosho zilikuwa za mikorosho aliyoipanda kwa mikono yake mwaka alipozaliwa Faidha.

Sijaona alitua ndoo yake.

"Swalehe."

Wote waligeuka. Kwetu mke hamwiti mumewe hivyo. Ni Baba Faidha, hata mkigombana. Lile jina tupu lilikuwa kama kofi.

"Swalehe, hizo korosho ni za chama gani?"

"Mama Faidha, nenda nyumbani. Tutazungumza."

"Mimi nauliza hapa. Unga wangu una chama. Muhogo wangu una chama. Huyu mtoto aliyeko tumboni kwa Julia nusura azaliwe njiani kwa ajili ya chama. Nauliza korosho. Zenyewe hazina kadi?"

Mwenyekiti akanyanyuka. "Mama, hebu sikiliza. Ushirika unachelewesha malipo, unajua. Watoto wana ada. Hii ni biashara. Lile la mashine ni suala la heshima."

"Heshima ya nani, baba? Na inabebwa na kichwa cha nani?"

Mwenyekiti akatazama sigara yake.

"Mmetukataza kumpa huyu mtu shilingi zetu za kusaga," Sijaona akaendelea, na sauti yake sasa ilikuwa imefika barabarani, watu wameanza kusogea, "halafu mnamletea mali ya mwaka mzima kwa mlango wa nyuma! Nyinyi mmesusia nini? Niambieni kitu kimoja mlichokikosa. Kimoja! Chai mnakunywa. Ugali mnakula. Mnalalamika unga una mchanga!"

Muharami akaona pale ndipo pa kuchuma kura. Akatoka nyuma ya mizani akicheka, mikono wazi. "Umesema kweli, mama. Hawa ndio wenzako uliokuwa unawaogopa. Njoo leo nikusagie bure, wewe na wenzako wote. Jibu tu: Mabadiliko!"

Nilidhani Sijaona atamtemea mate.

"Na wewe usinifanye ngazi," akasema. "Bendera ni yako, paa ni lako. Ipandishe mpaka ikune mawingu, sikukatazi. Mtu akiiona akageuza njia, ni miguu yake. Akiiona akaingia, ni miguu yake. Lakini mimi nilikuja na muhogo, Muharami. Sikuja na mdomo wa kukodisha. Miaka minne ulinisagia hujaniuliza nampenda nani. Mkono wangu huu unaujua. Unaujua! Ukaniweka juu ya gogo mpaka alasiri kwa sababu ya neno moja. Leo unaniambia bure? Hiyo bure yako ndiyo ghali kuliko zote."

Kisha akaenda kwenye mizani, akayavuta magunia yake mawili, moja baada ya jingine, kwa mkono wa kushoto, hakuna mwanaume aliyemsaidia wala kumzuia, akayalaza chini na kukaa juu yake. Alikaa. Foleni ikavunjika, watu wakaondoka wakijifanya wana shughuli. Swalehe alibaki amesimama pale jua linamchoma, mpaka akainama, akabeba gunia la kwanza begani, akaenda nalo nyumbani, akarudi kuchukua la pili. Korosho zile Sijaona aliziuza ushirika, na malipo yalikuja mwezi wa pili. Alisubiri.

Jioni ile hakupika. Aliweka kinu katikati ya uwanja, mchi ndani yake, gunia la makopa pembeni, akamwambia mumewe: "Wewe ndiye uliyesusia. Haya, susia."

Swalehe aliinua mkono. Nilikuwa nimesimama uwanjani kwangu na nilimwona. Mkono ulikaa juu muda ambao ungeweza kuhesabu, kisha ukashuka. Sijui ni nini kilichomzuia, na Sijaona hajawahi kuniambia. Siku mbili walikula mihogo ya kuchoma na mabibo, yale matunda ya korosho yanayowasha koo. Siku ya tatu Swalehe alitwanga. Alitwanga mchana kweupe, katibu mzima wa tawi, makopa yanamrukia usoni, na watu waliokuwa na jambo la kufanya upande ule wa kijiji siku hiyo walikuwa wengi ajabu. Siku ya nne akafunga debe kwenye baiskeli, akaenda mwenyewe ile mashine ya mbali.

Silvano alimfuata, kwa haya ya ule mchanga. Christopher wangu hakwenda. Alilala ananuna, na nilimwacha anune na njaa yake. Baada ya siku kama kumi, kukawa na wanaume saba wanaopanda na kushuka vilima na unga kwenye baiskeli, na hapo ndipo ile amri ikafa. Hakuna kikao kilichoitwa. Hakuna aliyesema tulikosea. Amri iliyotangazwa kwa makofi ilizikwa bila hata mtu mmoja kutuomba radhi, na nikilikumbuka hilo damu yangu bado inachemka.

Uchaguzi ukafanyika. Muharami akashindwa, na vibaya. Ile salamu ikaisha siku hiyo hiyo, kana kwamba haijapata kuwapo, na bendera ikabaki juu mpaka mvua zikaichana. Wanawake wakarudi. Mimi nilirudi Jumatatu ya kwanza, na Muharami alinipokea ndoo, akafuta mdomo wa mashine, akauliza hali ya watoto.

Sijaona hakurudi. Akaendelea kwenda mbali, kwa miguu, na mkono ule.

Nilimwambia, "Dada, yamekwisha. Salamu hakuna, bendera imechanika. Unamkomoa nani? Mashine haina masikio."

"Mwenyewe anayo."

"Lakini anasaga vizuri, na iko hapa. Unajitesa."

"Nimekuomba unibebee?"

"Mbona mimi nilijibu na sikufa?"

Akanitazama. "Ndiyo. Ulijibu. Halafu ukapita mbele yangu, Agatha."

Hatukusemeshana karibu miezi miwili. Nilikasirika kwa sababu alikuwa na kiburi, na nilikasirika zaidi kwa sababu siku ile kweli nilipita mbele yake.

Mwaka tisini na nane mtu mwingine, Dauda, alifungua mashine ya pili hapa hapa kijijini, na Sijaona akawa mteja wake. Muharami akaanza kukosa watu. Alasiri moja akaja kwa Sijaona. Nilikuwapo, tunabangua korosho barazani. Alipiga hodi, akakaribishwa, akavua kofia na kukaa kwenye mkeka.

"Mama Faidha, nimekuja. Yale ya mwaka ule, nilikosea. Sikuwa na akili nzuri. Walinipumbaza na udiwani."

"Nimekusikia."

"Basi rudi. Wewe ukirudi na wengine watarudi."

"Ah," Sijaona akasema. "Kumbe ni kwa ajili ya wengine."

Muharami akawaka. Alikuwa amekuja na radhi mkononi, ikamtoka. "Lakini wewe mwanamke wewe! Mbona kwa Dauda unasaga? Na Dauda ana bendera ya chama chake ukutani, kubwa, watu wote tunaiona!"

"Ipo ukutani," Sijaona akamjibu. "Haijashuka kunisalimia."

Sijaona akaingia ndani, akamletea Muharami uji wa mtama katika kikombe cha bati, akampa kwa mkono ule mbovu. Akaunywa wote. Akashukuru, akavaa kofia, akaondoka, na Sijaona hakurudi kwake hata baada ya hapo.

Mimi bado nasaga kwa Muharami. Ni karibu, na sioni dhambi. Tukikutana na Sijaona njia panda, kila mmoja na ndoo yake, namwamkia, "Shikamoo dada," ananiitikia, "Marahaba," kisha ananiuliza leo Muharami ameniimbisha salamu gani. Kila mara naudhika. Na kila mara namjibu vibaya, naye anaendelea na safari yake.